Pointi na Nunge

Jumatatu, 15 Januari 1996

Mama ametoka mapema na mzigo wa mitumba. Nimebaki na pasi ya makaa na rundo la nguo za watoto. Kola, pindo, kola, pindo. Nimeunguza gauni moja. Akili haiko hapa.

Sijamwambia mtu hili, hata kanisani. Nina shangazi. Dada ya baba. Tangu tumalize mtihani wa Form Four nimekuwa nikienda dukani kwake Ngara, na Mama anadhani naenda kununua uzi.

Mara ya kwanza nilienda kununua uzi kweli. Mwenye duka ni mama mzito wa Kikalasinga, mjane, mtandio mweupe. Aliniangalia mpaka nikaona haya. Akauliza jina la baba yangu. Nikasema Jagati, alikuwa na karakana Industrial Area, alikufa nikiwa mdogo. Akaketi juu ya jora la kitambaa. Akasema, "Pua ya Jagati hii." Akaniambia nimwite Bua. Kwao dada ya baba ni Bua.

Nimefurahi kupita kiasi. Ndiyo maana nimenyamaza.


Jumatano, 17 Januari

Nimetumwa maji. Vijana wa kibandani wakaanza.

"Pointi, sasa? Nunge ako wapi?"

"Nunge alihama. Amebaki Pointi peke yake, hesabu imeharibika."

Wakacheka. Sikujibu. Sijawahi kujibu.

Hapa Kabiro, Kawangware, mtoto wa rangi mbili ni pointi. Pointi faivu, yaani nusu. Mimi ni Pointi tangu darasa la pili, kwa sababu ya ngozi na nywele hizi zinazoteleza kwenye kila kibanio. Kaka yangu Daudi ni wa baba huyo huyo na mama huyo huyo, lakini alitoka na rangi ya Mama na nywele za Mama. Wakamwita Nunge. Sifuri. Alipigana miaka mingi kwa jina hilo, halafu siku moja akaacha kupigana na kuanza kuliitikia. Sasa anaishi Kibera, Lindi, anatengeneza majiko na masanduku ya bati. Hata huko amejitambulisha hivyo hivyo. Nunge.

Nilisahau kuandika kwamba nilimwaga maji nusu ndoo.


Ijumaa, 19 Januari

Bua ameniambia anachotaka.

Anaishi Parklands peke yake. Wanawe wako Uingereza. Anataka nihamie kwake, nisaidie dukani, na atanipeleka chuo nisomee taipu na uhasibu. Jumapili ya wiki ijayo atanipeleka hekaluni kwao, anionyeshe kwa watu. Ameshawaambia: mtoto wa Jagati amepatikana.

Nikasema niko na kaka. Nilisema polepole, hakusikia, nikarudia.

Akatikisa kichwa. "Kijana mimi nishaona. Alikuja karakana na mama yako zamani, siku ya kifo. Yule mweusi. Yule hapana ya Jagati. Wewe rangi umepata, nywele umepata, yeye nini amepata? Angalia na macho yako."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma bei ya kitambaa.

Nilikunywa chai yake yote.


Jumapili, 21 Januari

Baada ya kanisa nimekwenda Lindi kumwona Daudi. Nilikuwa nimeamua kumwambia.

Mwenye nyumba wake ni mama mzee wa Kinubi, tunamwita Hajia. Alikuwa mlangoni anachambua mchele. Aliniangalia kuanzia viatu.

"Daudi, msichana wako huyu wa Kihindi, mama yake anajua ako huku?"

"Ni dada yangu, Hajia."

"Wote husema hivyo." Akaendelea kuchambua mchele. "Mlango ubaki wazi. Kesho tunaanza kufunga, sitaki dhambi kwa ploti yangu."

Daudi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi niliumia. Mlango ukabaki wazi na watoto wakasimama hapo kututazama tukila chapati.

Nilimtazama. Nimeona aibu kuandika hili, lakini ndilo lililotokea. Nilimtazama nikitafuta. Pua, masikio, kucha. Akaniuliza, "Manze, kwani niko na nini usoni?" Nikasema masizi.

Sikumwambia.


Jumanne, 23 Januari

Bua amenipa bangili ya baba. Ya chuma, nzito, pana kidogo. Walimvua siku aliyokufa. Ameiweka kabatini miaka yote hii.

"Vaa Jumapili. Saa tatu gari itangoja hapa dukani."

Ni kubwa kwangu. Inapanda mpaka kwenye kiwiko na kushuka tena. Nimeivaa ndani ya sweta nikitembea kurudi, jua lote hili. Ina kijipengo kidogo ukingoni. Nimekuwa nikikipapasa kwa kidole njia nzima.

Nataka kwenda. Naandika wazi. Nataka chumba chenye mlango, nataka chuo, nataka kukaa mahali ambapo hakuna anayeniita Pointi. Nikikubali, nitakuwa nimekubali pia kwamba Daudi si wa baba. Na kama si wa baba, Mama ni mtu wa namna gani? Bua hakuuliza hilo. Aliniachia mimi.


Jumatano, 24 Januari

Mama ameiona. Nilikuwa nafua, nimekunja mikono, nimesahau.

Alisimama na kikapu kichwani. Hakukitua. Akasema, "Nani amekupa hiyo?"

Nikamwambia yote. Niliongea nikitazama povu.

Alitua kikapu, akakaa juu yake, akabonyeza nguo zilizokuwa ndani. Sikudhani atasema. Mama hasemagi habari za baba. Leo amesema.

Alikuwa akiuza chakula kwenye lango la karakana. Baba alianza kula pale, halafu akaanza kula nyumbani. Kwao walikasirika. Akakaa huku Kawangware na Mama mpaka mwisho. Alipokufa, ndugu zake walichukua maiti wakaenda kuichoma kwa desturi yao. Mama alisimama nje ya geti la karakana, mimi mgongoni, Daudi mkononi. Aliomba bangili tu. Walimwambia haimhusu.

"Hicho kipengo unachoshika," akasema, "ni cha soda. Alikuwa anafungulia soda na hiyo bangili. Walimgombeza kwao, kitu ya dini. Yeye anacheka tu, pah, kifuniko kimeenda."

Alicheka kidogo. Halafu akakoma.

"Daudi alizaliwa mweupe kukushinda wewe. Rangi ilikuja baadaye. Baba yenu alikuwa anamfungua kitambaa kila asubuhi anasema, leo ameiva zaidi. Alimpenda kupita mimi. Sasa huyo mama yako wa Ngara aseme anachotaka."

Nikamwambia anisamehe. Akasema hakuna cha kusamehe, nimwambie Daudi mwenyewe, kwa mdomo wangu, asiambiwe na mtu mwingine.

Mama amekula akitazama ukuta.


Alhamisi, 25 Januari

Nimemkuta Daudi kazini, nyundo mkononi, mabati kila upande. Kelele ilinisaidia. Nilimwambia kati ya pigo na pigo. Shangazi, chuo, Parklands, Jumapili. Kisha ile sehemu ya mwisho, kwamba yeye hatakiwi, na sababu yake.

Akaacha kugonga. Mafundi wengine wakaendelea.

"Alisema sina nini?"

Nikatazama mabati.

"Na wewe ulimwambiaje?"

Nikamwambia ukweli. Nilikunywa chai.

Akaweka nyundo chini polepole. Afadhali angenipiga. Halafu akanyoosha mkono akasema nionyeshe. Akaivaa. Ilikaa. Haikupanda, haikushuka, ilikaa pale kwenye kifundo kama iliwahi kuwa hapo. Sisemi hiyo ni ushahidi. Mkono wa fundi ni mnene, bangili ya mwanamume itamkaa fundi yeyote. Lakini hakuivua.

"Niachie mpaka kesho kutwa," akasema.

"Ni ya kuvaa Jumapili."

"Nimesema nitairudisha. Mimi si mwizi, Miriamu."

Haniitagi Miriamu.


Ijumaa, 26 Januari

Hakuna kitu. Nimepiga pasi. Mama ameniuliza kama nimemwambia. Nikasema ndiyo. Akasema vizuri.

Naogopa ameiuza. Naogopa ameitupa mtoni. Naogopa hatakuja kabisa, na mimi ndiye nitakuwa nimemfukuza.


Jumamosi, 27 Januari

Amekuja mchana, amenyoa, shati safi. Akaweka bangili mbili mezani.

Mbili. Chuma kile kile, upana ule ule, kijipengo kile kile ukingoni. Alipata kipande cha stenlesi kwenye vyuma chakavu, akakikunja, akakipiga tupa, msasa, halafu majivu na kitambaa mpaka kikang'aa kama cha zamani. Pengo amelichonga bila kujua ni la nini. Aliliona kwa ile nyingine akaliweka.

"Hii ndiyo ya buda," akasema, akinisukumia ile ya baba. "Hii ni yangu. Nunge ya bangili."

Mama alizishika zote mbili, akazirudisha, akaenda kuchambua kunde. Kunde zilikuwa zimeshachambuliwa.

Daudi amesema kesho tutaenda pamoja. Hatagombana. Anataka tu huyo mama amwone mchana, akiwa amesimama karibu nami. Baada ya hapo nikitaka kupanda gari, nipande. Amelisema hili bila hasira, ndiyo maana limeniuma.

Alienda nje kunawa. Akarudi. Tukala.


Jumapili, 28 Januari

Nitaandika kwa mpangilio.

Tulifika Ngara kabla ya saa tatu. Duka limefungwa, gari limesimama, dereva anasoma gazeti. Bua alitoka amevaa hariri ya rangi ya samawati. Alipendeza. Alinifunika kichwa kwa mtandio aliokuja nao, akanibana shavu. Halafu akamwona Daudi nyuma yangu.

"Huyu nani? Umeleta kijana ya kubeba mzigo?"

"Mimi ni Nunge, Mama," Daudi akasema. Kwa heshima kabisa.

Bua hakuelewa. Mimi nilielewa. Nikasema, "Bua, huyu ni Daudi. Kaka yangu. Baba yetu ni mmoja."

Akaona bangili mkononi mwa Daudi. Akaona yangu. Akashika mikono yetu yote miwili, akaisogeza karibu na macho, akazungusha bangili moja, kisha nyingine.

"Ya huyu feki," akasema. "Ya kwako ndiyo Jagati. Mimi nilikaa na hii kabatini. Mkono yangu inajua. Hii iko na uzito yake."

Daudi akainamisha kichwa. Alikubali. Alidhani amesema kweli.

Jana sikuandika kitu kimoja. Daudi alipotoka kunawa, nilizivaa zote mbili. Moja ilikuwa inakwaruza kidogo kwa ndani. Nyingine ilikuwa laini, imelainishwa na ngozi ya mtu kwa miaka. Nilizibadilisha. Sikufikiria sana. Ile laini ilimkaa yeye na mimi hainikai. Ndiyo hivyo tu.

Kwa hiyo nilisimama pale Ngara na bangili aliyoitengeneza Daudi mkononi, na Bua anaibusu.

Mlango wa gari ulikuwa wazi. Akasema, "Ingia. Watu wanangoja. Yeye arudi kwao."

Nikasema, "Bua, siendi."

Hakusikia. Sauti yangu ni ndogo. Nikasema tena, nikasikika mpaka dereva akakunja gazeti.

Alinitazama kama mtu aliyeangusha sahani na bado hajasikia mlio. Nilimhurumia, naandika hilo pia. Atawaambia nini hekaluni? Macho yake yalijaa maji. Halafu yakakauka.

"Basi rudisha ya Jagati."

Ningeweza kusema. Nilivua, nikamwekea kiganjani, nikauvua mtandio wake kichwani mwangu, nikaukunja vizuri, nikampa. Akafunga ngumi. Gari likaondoka.

Tulitembea mpaka mjini. Daudi ndiye alianza kuongea. "Pole, dada. Ile ya kweli imeenda. Ningejua ningekuambia uifiche." Akanigonga bega. "Nitakutengenezea. Niko na mfano hapa, hata kama ni nunge."

Nikacheka mpaka nikalia. Alidhani nalilia chuo. Nusu ilikuwa chuo.


Jumamosi, 3 Februari

Mvua kidogo alfajiri. Matope, halafu jua.

Matokeo ya mtihani bado. Mama amesema nikipata alama nzuri tutatafuta njia. Hakusema njia gani. Nimeanza kukaa naye sokoni. Mteja mmoja leo ameniuliza kama mimi ni Muhindi. Nikasema mimi ni wa Mama Daudi, hapa Kabiro. Nilijibu. Sauti ilitoka.

Daudi amekuja kula. Ameniletea bangili yangu, ndogo, ya kunikaa. Amechonga na kijipengo, kwa sababu ya kwake inacho. Mama alikuwa amenunua soda, na kifungulio hakionekani. Daudi akasema ngoja. Akashika chupa, akaweka ule ukingo chini ya kifuniko.

Pah.

"Unaona," akasema. "Hata feki iko na kazi."

Mama aligeuka kuosha kikombe kisafi. Alikiosha kwa muda.

Sijui kama Mama anajua. Sitamwuliza. Daudi akijua ataipeleka Ngara kesho asubuhi, namfahamu, ataivua na kusema yeye si mwizi. Na Bua atapoteza ile anayoibusu. Kwa hiyo wewe, kama siku moja kuna wewe unayefungua kurasa hizi, bangili uliyoiona mkononi mwa kaka yangu hukuiona. Acha aendelee kufungulia soda.