Saa za Redio ya Mama Mwenye Nyumba

Kwa jina la Mola, Mlinzi wa walio karibu na walio mbali.

Mjukuu wangu mpenzi,

Baada ya salamu, sisi tu wazima, na bibi yako ameshona mapazia mapya. Barua yako nimeisoma mara tatu. Waandika kwamba watu wa huko hawakupendi, nawe wataka kuacha masomo urudi nyumbani.

Nami nilipokuwa mwanafunzi ugenini nilikwisha kufunga sanduku. Mama mwenye nyumba alikuwa akizima redio kila nilipojifungia chumbani, kana kwamba hataki niisikie, nikaandika daftarini, “Mwanamke huyu ananichukia.” Mwalimu wangu akasoma, akasema, “Hii ni hukumu, kijana. Andika ulichokiona, na saa yake.”

Nikaandika siku saba, kisha nikausoma ukurasa, nikatahayari. Redio ilizimwa kila nilipoanza kusali, ikawashwa nilipomaliza. Nilipokwenda kumshukuru, alicheka. “Mchezo wa redio nimeukosa mwezi mzima kwa ajili yako, nawe umeninunia tu. Haya, kaa.” Tangu jioni ile nikawa nakaa naye jikoni, akinisimulia ya kwao, nami nikiandika. Hadi leo humwombea dua.

Bibi yako amekwisha kukutandikia kitanda. Sikumzuia, maana nyumba imepoa bila wewe. Lakini nakuomba siku saba za daftari kwanza. Ukiandika ukaona bado hawakupendi, njoo. Nitakupokea kituoni mwenyewe.

Mola akufungulie macho na milango, awarehemu nyote mnaolala chini ya dari moja.

Babu yako