Stoo ya Tongaren

Jumatatu, 1 Septemba

Wagonjwa kumi na mmoja leo. Mvua haikuwazuia. Nimepika chai sufuria mbili na bado ikapungua. Tabitha amemaliza kofia ya tatu tangu Julai. Zote za mtoto mchanga, na mtoto hana. Sikumuuliza. Kwenye kituo cha wagonjwa wa akili kama chetu hatuulizi mpaka mtu aanze mwenyewe.

Chebet, muuguzi wetu, alifika saa nne na dawa. Watatu walikuwa wa sindano. Mmoja alikataa, akasema inamfanya mzito kama gunia lililolowa. Chebet akakaa naye kwenye benchi nusu saa, wakaongea habari za ng'ombe. Mwishowe akakunja shati mwenyewe. Mimi ningekuwa nimeshapandisha sauti.

Mchana tumepalilia sukuma wiki nyuma ya nyumba. Majirani wa mtaa wa Tuwan, hapa Kitale, wametuzoea sasa. Mwaka wa kwanza walikuwa wanavuka barabara wakituona.

Jioni Wanjala ameniuliza habari za kituo kama kawaida yake. Nani alikuja, nani amepata nafuu, dawa gani. Waume wa rafiki zangu hawana habari na kazi za wake zao. Wangu anauliza mpaka jina la kidonge. Nina bahati.

Alhamisi, 4 Septemba

Siku ya duara. Tunapanga viti, kila mtu anasema anachotaka au ananyamaza. Leo Tabitha amesema. Kabla ya kuletwa kwetu alifungwa kamba jikoni kwa mjomba wake, miezi minne. Alituonyesha kifundo cha mguu. Alama bado iko, nyeusi, inang'aa. Ati si kamba iliyomuuma zaidi. Ni kusikia wageni sebuleni wakiambiwa kwamba yeye amepata kazi Nairobi.

Halafu nikasema mimi. Maneno makali, kuhusu familia zinazoficha wagonjwa wao. Nikasema mtu wa namna hiyo hana moyo. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilijisikia vizuri sana.

Nimemsimulia Wanjala tukila. Ameacha ugali nusu. Amesema ameshiba, akatoka kwenda kufungia kuku. Kuku nilikuwa nimeshawafungia.

Jumanne, 9 Septemba

Mhudumu wa afya wa kijiji amempigia Chebet simu kutoka Tongaren. Alikuwa anapita nyumba kwa nyumba akasikia mtu anajisemea ndani ya stoo iliyofungwa. Mwenye boma akamwambia ni redio. Hakuamini. Jina la boma amekataa kulitaja kwa simu, anaogopa.

Chebet anataka twende kesho. Tuongee na familia kwanza, kwa upole. Amenichagua mimi kwa sababu nimeolewa upande ule na nazungumza Kibukusu. Nimekubali mara moja. Wanjala yuko Webuye tangu Jumapili, anaweka nyaya za umeme kwenye shule fulani. Nimempigia, simu imezimwa.

Nimenunua sukari pakiti mbili. Tukimaliza kazi nitampitia mama mkwe.

Jumatano, 10 Septemba

Nitaandika kwa mpangilio, la sivyo sitaandika kabisa.

Tulifika Tongaren kabla ya saa nne. Mhudumu anaitwa Jentrix, mama mnene wa sauti ndogo. Alikuwa anatungoja kwenye mashine ya kusaga mahindi. Akaingia garini, mbele kando ya Chebet, akawa anaonyesha njia. Mahindi pande zote, yamekauka, yanangoja kuvunwa. Mimi nilikuwa nyuma, sukari mapajani.

Tukapita kanisa. Tukapita bwawa la kunyweshea ng'ombe. Kila kona naijua. Nikadhani basi ni jirani. Nikaanza kuwapitia majirani mmoja mmoja kichwani, nani kati yao anaweza kufanya unyama kama huo. Jentrix akasema, "Hapa. Kwa hiyo geti ya bluu."

Geti lile nililipaka rangi mimi. Mimi na Wanjala, Krismasi ya mwaka juzi.

Nikasema, "Si hapa. Hapa ni kwetu."

Jentrix akageuka, akaniangalia kwa muda. "Basi, mama, wewe ndiyo utatuambia."

Mama mkwe alikuwa anaanika maharagwe. Aliponiona akafurahi, akainuka kunishika mikono. Halafu akawaona wale wawili nyuma yangu. Furaha ikamtoka usoni yote kwa mara moja. Chebet alianza kujieleza taratibu, vile anavyojua, lakini mama hakumngoja amalize. Hakukana. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilitaka akane.

Aliingiza mkono kifuani akavuta kamba nyeusi. Miaka tisa naiona ile kamba shingoni mwake. Nilidhani ina msalaba. Ina ufunguo.

Stoo ya nyuma. Nimeegemea ukuta ule nikimenya viazi. Watoto wa ukoo huupiga mpira kila Krismasi.

Ndani kuna godoro, ndoo yenye kifuniko, dirisha la ukubwa wa daftari. Ni pasafi. Sikutegemea usafi. Mwanamume ameketi chini, magoti kifuani, nywele zimenyolewa vizuri. Pua ya Wanjala. Paji la uso la Wanjala. Simiyu. Kaka yake mkubwa, yule aliye Uganda, fundi wa mbao kule Jinja, yule aliyekosa nafasi ya kuja hata kumzika baba yao. Akafunika macho kwa mkono kwa sababu ya mwanga.

Mama akasema nyuma yangu, kama anaongea na ukuta. "Alichoma jikoni ya jirani. Wakakuja na mapanga na petroli. Baba yake akamfungia humu ndiyo wasimuue. Alisema wiki moja tu."

Nikamuuliza ni miaka mingapi.

"Akizidiwa mimi hulala hapa nje kwa mlango," akasema. "Sijawahi kumwacha peke yake, Nekesa. Hata siku moja. Uliza Wanjala."

Uliza Wanjala.

Alhamisi, 11 Septemba

Sikwenda kituoni. Nitakaaje kwenye duara.

Wanjala amerudi kutoka Webuye saa tatu asubuhi. Mama alikuwa amempata kwa simu. Hakuingia. Alisimama mlangoni na mkoba wake wa vifaa kama fundi aliyeitwa na mtu asiyemjua. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri. Yote yalipotea.

Nikasema, "Dawa gani."

"Nini?"

"Kila jioni unaniuliza dawa gani. Nilifikiri unajali kazi yangu. Kumbe ulikuwa unamuulizia yeye."

Akakaa kwenye ngazi. Akasema alitaka kuniambia kabla ya harusi, akaogopa baba yangu angekataa. Baada ya harusi akaniogopa mimi. Nilipopata kazi kituoni alifurahi, akajiambia sasa ndiyo nafasi. Lakini nikawa narudi kila siku nikisema watu wa namna hiyo ni wanyama.

"Nilikuwa nakusikiliza vile unatusema," akasema. "Hukujua ni sisi."

Ati mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Nilitaka kumpiga. Sikumpiga. Nimechukua nguo zangu, nimekuja kwa Chebet.

Ijumaa, 12 Septemba

Sijala. Chebet haniulizi kitu. Anakaa tu karibu, vile anavyofanya na wagonjwa. Hilo linanikasirisha.

Krismasi tisa.

Jumamosi, 13 Septemba

Sahani. Mama mkwe akipakua chakula, hupakua sahani moja zaidi na kuifunika. "Ya mgeni," husema. "Mgeni hapangi siku." Nimemsifia mara ngapi. Nimewahi hata kuisimulia kanisani, ukarimu wa mama mkwe wangu. Watu walipiga makofi.

Nimefundishwa kazi hii. Nina cheti. Kazi yangu ni kuona, na sikuona mtu upande wa pili wa ukuta.

Jumatatu, 15 Septemba

Bungoma, hospitalini. Chebet aliongea na naibu wa chifu, na kliniki ikatukubalia siku ya leo. Jana nilisema siendi. Leo nikaenda.

Mama alikuwa amempigia Simiyu pasi shati. Jeupe, la mikono mirefu. Aliuliza mara mbili kama polisi watakuwa pale. Mara ya pili Chebet akamshika bega, akamwambia leo ni daktari tu. Miguu ya Simiyu haikubali kusimama muda mrefu, kwa hiyo Wanjala alimbeba mgongoni kutoka garini. Watu kwenye foleni wakatupisha. Mimi na Wanjala hatukusalimiana.

Nilikwenda dirishani kuandikisha jina. Nikasema, Simiyu, kutoka Tongaren, hapana, hana kadi. Niliporudi kwenye benchi alikuwa ameinua kichwa. Njia nzima hakuwa amesema neno.

"Wewe ni bibi ya Wanjala."

Nikasema ndiyo.

"Ni wewe hucheka sana Krismasi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyefurahi kukisia vizuri. Ati anajua pia wimbo ninaoimba nikisugua sufuria, ila maneno ya mwisho hajawahi kuyashika, mlio wa ndoo ya maji huyafunika.

Nilitoka nje. Nilitapika kando ya ukuta, mbele za watu, nikiwa na beji ya kituo shingoni.

Wamemlaza wodini. Daktari, kijana mpole, hakutugombeza. Mama alikuwa amejiandaa kugombezwa. Alipoona hagombezwi akaanza kulia. Sikumshika. Jentrix angemshika. Tabitha angemshika. Mimi nilisimama tu.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimerudi kwenye duara. Sikukaa kwenye kiti changu cha siku zote. Nikawaambia yote. Geti, ufunguo, sahani, Wanjala. Nikawaambia kwamba ni mimi niliyesema hawana moyo, na nilikuwa nasema nyumba yangu.

Niliogopa kumwangalia Tabitha. Ndiye mwenye haki ya kunihukumu.

Aliendelea kufuma. Mstari mzima. Halafu akasema, "Shangazi alikuwa ananizungushia kitambaa kwanza, ndiyo kamba isinikate. Kila asubuhi kitambaa kisafi." Akavuta uzi. "Ilinikata tu, bana. Lakini alikuwa anaweka."

Tukanywa chai.

Jumapili, 28 Septemba

Nimemchukia Wanjala wiki mbili na nusu. Inachosha. Leo nimejaribu kumwaza akiwa na miaka ishirini, amesimama pale bomani, watu wanakuja na petroli na ndugu yake anacheka hajui. Nimeweza kuwaza mpaka hapo. Mbele ya hapo siwezi. Wiki ya kwanza, sawa. Mwezi, labda. Lakini ile asubuhi baba yao alipozikwa na wimbo ukaimbwa, na mwanawe wa kwanza anausikia kupitia dirisha la ukubwa wa daftari?

Nilikuwepo. Niliimba.

Jumatano, 8 Oktoba

Anatoka hospitalini kesho kutwa. Amepata nafuu. Analala usiku, anakula, sauti anazosikia zimepungua. Miguu itachukua muda. Mama anataka arudi Tongaren, lakini anaogopa majirani, na mimi namwelewa. Yule mwenye jikoni iliyoungua bado yupo. Jentrix ameahidi kumwendea, yeye na naibu wa chifu, waanze polepole.

Kwa sasa atakaa kwetu Kitale. Kwa hiyo nimerudi nyumbani. Nimemwambia Wanjala wazi, sikurudi kwa ajili yake. Simiyu anahitaji mtu anayejua ratiba ya dawa. Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amepiga magoti kwenye chumba kidogo na bisibisi, anang'oa komeo la mlango. La nje na la ndani. Ameziba na matundu ya misumari.

Tunalala kitanda kimoja kama abiria.

Jumatatu, 13 Oktoba

Simiyu ameniita shemeji leo. Nilikuwa nampa kidonge. Nikamwaga maji yote.

Jumatatu, 27 Oktoba

Siku yake ya kwanza kituoni. Alitembea mwenyewe kutoka nyumbani. Alipumzika mara nne njiani, Wanjala nyuma yake hatua kumi, hamsaidii, hamwachi. Walipofika geti Wanjala alitaka kurudi kazini. Chebet akamwambia abaki, kuna viti vya kutosha. Akabaki. Alikaa mwisho kabisa, kofia mapajani, wala hakusema kitu asubuhi nzima.

Simiyu aliomba kazi. Tukampa jembe dogo. Aling'oa magugu na sukuma pia, na hakuna aliyemsahihisha.

Tulirudi nyumbani saa tisa. Amechoka. Hakutaka kuingia ndani. Nikatandika mkeka uani, akajilaza chali, akalala hivyo hivyo na viatu. Wanjala akamvua. Halafu akakaa pale chini kando yake. Nikatoa chai. Nilikuwa niwaachie vikombe niondoke. Nikakaa.

Mama akapiga simu. Hupiga kila siku saa hizo, hupigia Wanjala. Leo alinipigia mimi. Akauliza Simiyu anafanya nini. Nikamwambia amelala.

"Wapi?"

"Nje, uani."

Akaniuliza kama kuna jua.

Nikamwambia lipo.