Elektroni na Wimbo wa Kuvuta Mashua

Muhuru Bay, Jumanne, Aprili 1996

Na huyu naibu wa mkuu wa shule atanipandisha presha bure. Kaingia katikati ya somo langu la fizikia: "Madam, hiyo haiko kwa silabasi." Najua haiko! Lakini Ijumaa wasichana wa kidato cha pili wanachagua masomo, na wakiikimbia fizikia, itafungwa. Naogopa, sitaficha.

Nilikuwa nimewaambia kwamba radi ikipiga hutoa mawimbi ya redio, yanapanda hadi kwenye elektroni zilizonaswa na sumaku ya dunia, na kuzisukuma. 

"Mawimbi yasukume nini, Madam?" akauliza Atieno, mmoja wa wasichana hao. "Hayana hata mikono."

Nje ya dirisha wavuvi walikuwa wakivuta mashua kuitoa majini, mmoja akianzisha wimbo, wengine wakiitikia na kuvuta.

"Anayevuta nje ya wimbo?" nikamuuliza.

"Anachoka bure."

Basi. Elektroni huko juu zina mwendo wake wa kuzunguka. Wimbi likija kwa mwendo uleule, kila msukumo unaongezea nguvu ule uliotangulia, hadi baadhi ya elektroni zinachomoka mtegoni na kuangukia hewa yetu.

Atieno alisimama kabisa. "Yawa! Kumbe radi ndiyo inaanzisha wimbo?"

Sijui Ijumaa itakuwaje. Lakini sasa usiku, nikiwa nyumbani, radi inapiga upande wa ziwa, na kila ikimulika redio inakwaruza. Mume wangu anasema niizime, taarifa haisikiki.

Nimemwambia aiache kidogo. Nasikiliza.