Kifaranga wa Korongo na Kesi ya Mama

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi, na mimi nimefura kwa hasira.

Leo Mama amesimama kizimbani Nakuru na viatu vyake vya kanisani. Kosa: kupatikana na ndege aliye hatarini kutoweka, bila kibali.

Msimu wa kulima uliopita, trekta ilivuruga kiota cha korongo taji kando ya kinamasi, mwisho wa shamba letu huku Kariandusi. Mama akaokota mayai mawili yaliyopona. Akafanya anachofanya kila mama wa kwetu yai likikosa mwenyewe: akayaweka chini ya kuku aliyekuwa anaatamia. Moja likaanguliwa. Kifaranga akawa anamfuata Mama akipalilia, miguu mirefu, adabu hana.

Mimi ndiye niliyemwambia aripoti. Mimi, msomi wa familia, kwa simu kutoka chumba changu mtaa wa Free Area, Nakuru: nenda ofisi ya wanyamapori, Mama, watakuja wamchukue vizuri.

Wakaja kweli. "Mathe, uko na permit ya kuweka huyu ndege?" Wakawabeba wote wawili, Mama na kifaranga.

Kifaranga alikufa ndani ya katoni, akisubiri kuwa ushahidi.

Nimefuta sentensi hiyo mara mbili. Ibaki tu.

Sipingi sheria. Kuna watu wanawauzia matajiri korongo wa kupamba bustani. Hao wafungwe hata leo. Lakini mtu aliyejipeleka mwenyewe? Ni vigumu kuandika kwamba ukiripoti ndani ya wiki mbili hakuna kesi? Ni vigumu kutuma mtu anayejua kulisha kifaranga, badala ya mtu mwenye pingu? Wanataka ndege waishi au wanataka mafaili?

Kesi imeahirishwa; Mama yuko nje kwa dhamana. Nje ya korti jirani yetu, Baba Njeri, akamcheka Mama: "Si ungenyamaza tu? Mimi nikiona hayo mayai, napitisha trekta, story imeisha." Nilitaka kumtukana.

Jioni hii Mama amenipigia. Korongo wawili wamerudi kinamasini na tayari kuna kiota, upande wa Baba Njeri. Trekta yake inaingia Alhamisi.

Kisha akaongeza:

"Lakini mimi sijaona kitu, sawa?"

Mama yangu, aliyekuwa akikwepesha jembe ili asiguse hata kiota cha kwale.

Nikamwambia, sawa, Mama. Hujaona kitu.