Barasa na Balasa

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Kitale tu wazima, ila mvua inanyeshea mahindi yaliyokwisha kukauka, na nyanya yako hanyamazi.

Unauliza kwa nini pasipoti yako inasema Barasa na vyeti vya watoto Balasa, maana huko ugenini wamekataa kuwapa ukaazi wakidhani si wako. Watu hao wamenichosha! Ni ndimi zetu za Bungoma tu, zisizotenganisha l na r, na kila karani huandika anavyosikia. Ujanani mimi na kaka yangu tulifuata vitambulisho pamoja na baba. Karani, Mbukusu mwenzetu, akauliza jina la ukoo.

“Balasa,” akasema baba.

“Balasa?”

“Hapana. Balasa!”

“Si ndiyo nimesema, mzee? Balasa!”

Akaniandika Barasa, na kaka yangu Balasa. Tulipotoka nikalalamika. Baba akashangaa: “Nikiwaita, si mnaitika wote?”

Jana niliapa mbele ya wakili, naye wa kwetu Bungoma, kwamba ukoo ni mmoja. Hati ya kiapo nakutumia. Wakili akanisomea kwa sauti: “Balasa na Balasa ni jina moja.”

“Sasa tofauti iko wapi?” nikamuuliza.

“Mzee, si umeapa kwamba haipo?”

Babu yako wa herufi zote mbili.