Usiuze Dawa ya Kupe kwa Chupa za Soda

Bahi, Dodoma
Ijumaa

Mama Neema, mke wangu,

Nakusalimu kwa upendo wote nilio nao. Mguu wa mama umepona? Neema bado anakohoa? Mimi ni mzima, ila vidole viwili vya mkono wa kulia vimevimba, ndiyo maana mwandiko huu ni wa kuku. Sababu nitakueleza. Usiichane barua kabla hujafika mwisho.

Barua yako nimeipata. Unataka nikuletee dumu la dawa ya kuogeshea ng'ombe, uigawe kwenye chupa na kuwauzia majirani dukani, maana josho la serikali limekauka na siku hizi kila mtu anauza apendacho. Jibu langu ni hapana. Nakujua ulivyo mbishi, kwa hiyo nakupa habari yote.

Hapa mnadani kulikuwa na mfanyabiashara mmoja, Saidi, mtu wa Dodoma mjini, mcheshi kupita kiasi. Kila mnada alitandika turubai na kupanga chupa za soda zenye dawa ya kupe. Mimi ndiye bwana mifugo, kumkagua ilikuwa kazi yangu. Nilimwambia, "Saidi, hii ni sumu. Iuze kwenye chupa yake, yenye maelezo."

Akacheka. "Bwana mifugo, nani hapa ataweza bei ya chupa nzima ya kiwandani? Biashara ni huria, usinibanie."

Nikamwagiza basi aandike neno SUMU. Akaliandika kwa kalamu kwenye vipande vya karatasi, akavibandika. Nikaridhika, tukanywa chai.

Mpumbavu nilikuwa mimi. Miaka yote hii nimewafundisha wafugaji wa huku kuwanywesha ng'ombe dawa ya minyoo kwa chupa ya soda, kwa sababu shingo yake inaingia vizuri pembeni mwa mdomo. Kwao, dawa iliyo ndani ya chupa ya soda ni ya kunywesha. Mzee Ndahani, mfugaji wa hapa, hajui kusoma. Alinunua chupa kadhaa, akakamata ng'ombe mmoja mmoja, akanywesha zizi zima.

Nilipofika walikuwa wanagaragara, povu linawatoka, macho yamegeuka. Mtamba mmoja alijigonga kwenye nguzo ya zizi mpaka pembe ikang'oka. Dawa ya kuwaokoa niliyokuwa nayo ilimtosha ng'ombe mmoja tu, naye akafa kama wengine wote. Mzee Ndahani alikaa juu ya samadi akilia kwa sauti, mtu mzima yule. Na wale ng'ombe hawakuwa wake peke yake. Watu wa huku huwekeana ng'ombe, zizi la mmoja hulea mali ya ndugu na marafiki wa vijiji vingi. Mahari za watu zilikuwa mle. Msiba ukawa wa nusu ya Bahi.

Siku ya mnada wenye ng'ombe walikuja na fimbo. Saidi aliwakaribisha, alidhani ni wateja. Wakamkamata shati, wakamzunguka, lakini hakuna aliyempiga. Ndipo mama mmoja akapiga kelele, "Na huyu bwana mifugo je? Si hunywa naye chai?"

Wote wakanigeukia. Saidi naye akaniona. "Bwana mifugo, waambie! Si wewe uliniruhusu?"

Mama Neema, nilimpiga. Nilimpokonya mtu fimbo nikampiga Saidi nayo mdomoni, asiseme tena. Hiyo ndiyo ilikuwa fimbo ya kwanza. Hapo wakamshukia wote, kwa fimbo, kwa mawe, kwa mateke. Chupa zake zilipasuliwa kichwani pake, sumu ikamwingia machoni, akawa anatambaa haoni anakokwenda. Vidole vyangu viliumizwa na fimbo ya mtu mwingine, kwa sababu nilikuwa bado napiga.

Saidi alifariki jana hospitalini. Polisi wamemshika Mzee Ndahani, eti ndiye aliyeanza. Walioona wamenyamaza. Wakinikuta njiani wananipa mkono, wanasema bwana mifugo alisimama upande wetu. Natamani ardhi inimeze. Ofisini mkubwa wangu ananiambia, "Funika kombe mwanaharamu apite. Nitakuombea uhamisho." Nilikubali, nikala chakula cha mchana, nikakitapika chote.

Kwa hiyo dumu hutalipata. Na kama umekwisha kuinunua dawa hiyo kwingine, usiimwage mtoni, wala usiipime kwa chupa yoyote ambayo mtu huinywea. Ifukie mbali na kisima.

Mpe mama shikamoo yangu, aendelee kuukanda mguu. Msalimie kaka Yona, fundi cherehani wetu, na shangazi mwenye maneno mengi, safari hii ana haki ya kuyasema.

Kesho asubuhi naenda kituoni kuwaambia wamwachie mzee. Neema akiuliza, usimdanganye kwamba nimehamishwa. Mwambie baba yake ameua mtu.

Ni mimi mumeo,
Baba Neema