Bei ya Bi Zuhura

Jumatano, Junda. Mvua imegoma kunyesha, joto limegoma kuondoka, na mimi nimegoma kutoka nje tangu nirudi kutoka kazini, kwa sababu nikitoka nitauona mlango wa Bi Zuhura.

Nina wivu. Nimeona niutaje mapema usije ukanikwama kooni. Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi sijakonda hata kidogo.

Bi Zuhura ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Asubuhi anauza mahamri na mbaazi za nazi pale kando ya barabara. Mimi ni karani katika ofisi inayoshughulikia mizigo ya bandarini, nina kiyoyozi na kadi ya kuning'iniza shingoni. Sote wawili tuliamua kutengeneza bafu wakati mmoja, na sote tukampa kazi fundi mmoja, Kazungu. Lake limekwisha: vigae vyeupe mpaka juu, choo cha kukalia, maji yanamwagika kutoka darini utadhani hoteli. Langu ni shimo na rundo la kifusi, na mwenyewe natumia choo cha nje, cha kuchuchumaa.

Hili kwangu si la urembo. Mama anahamia kwangu kutoka Jomvu Kuu, na magoti yake hayamruhusu tena kuchuchumaa. Nilimwahidi kwamba akija atakuta bafu lake.

Juzi Bi Zuhura akaniita nikaone. Nikasifu, mdomo unacheka peke yake. Halafu, bila kuulizwa, akanitajia bei aliyolipa. Vigae vilevile, fundi yuleyule, na bafu lake ni kubwa kuliko langu. Kalipa pungufu.

Wallahi nilihisi moto masikioni.

Nikampigia Kazungu simu aje. Akaja, akakaa kwenye ndoo tupu ya rangi, akanisikiliza mpaka maneno yakaniishia. Nilikuwa nimeshamhukumu: tangu mwanzo aliniomba nimlipe kwa noti, na fundi anayetaka noti anakwepa kodi, basi. Akasema kodi nayo imo, hawezi kunificha, lakini si hiyo inayomsumbua.

"Dada Nuru, wewe hulipa kwa simu, na simu yangu ina mkopo. Pesa yako ikiingia tu, mkopo unaidaka kabla sijausoma ujumbe. Bi Zuhura hunipa mkononi kila alasiri. Nikienda na noti dukani napunguziwa simiti, vibarua nawalipa jioni, na kesho yake wanarudi. Kile ninachookoa ndicho ninachomgawia."

Hapo mtu mwenye akili zake angesema nimeelewa, akaenda kwa wakala kutoa pesa. Mimi nilielewa vizuri kabisa, na bado nikamwambia nataka bei ya Bi Zuhura na nitalipa kwa simu, maana nataka ushahidi wa malipo yangu. Akanijibu kwa upole kwamba hayo mawili hayaendi pamoja. Kama ni ushahidi, atanitilia sahihi kwenye karatasi.

Sikutaka karatasi. Nilitaka asimpendelee Bi Zuhura.

Basi alipofika getini akiondoka nikamtumia pesa yote iliyobaki, kwa hesabu ya bei ya Bi Zuhura, kwa simu. Nilisikia ujumbe ukilia mfukoni mwake. Akasimama, akasoma, akageuka kunitazama. Kisha akaenda zake.

Hasira hasara, na hasara yenyewe haikuchelewa. Jana hakuja. Alinipigia, sauti iko chini, akaniambia mkopo umemeza karibu yote na kilichobaki hakitoshi simiti wala vibarua. Kazi yangu ataimaliza, anajua ni deni lake, ila kwanza lazima apate pesa mahali. Hapo mahali nimepajua leo. Ni jikoni kwa Bi Zuhura, ambako sasa anaweka vigae vya sakafuni. Nimerudi kutoka kazini nikakuta mashine ya kukatia vigae inapiga kelele upande wa pili wa ukuta, na vibarua wake wanacheka. Bila shaka wamepewa na mahamri.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini leo kaka yangu alipata gari la rafiki yake lililokuwa likija huku Kisauni, akaona amlete Mama kabisa badala ya kungoja Jumamosi kama tulivyopanga. Wamefika kabla ya magharibi, Mama na mkoba wake na mkeka wake wa kuswalia.

Mama alisimama mlangoni pa bafu akatazama lile shimo. Hakunilaumu. Alisema tu, "Si kitu, mwanangu," halafu akauliza ataoga wapi. Hapo Bi Zuhura akatokea, unga bado uko mikononi, akamwamkia Mama shikamoo na kumshika mkono taratibu.

"Maji yapo kwangu, Bi Mkubwa. Njoo uoge, ukae raha."

Wakaondoka hivyo, wameshikana mikono kama watu waliojuana miaka.

Naandika haya nimekaa kwenye ndoo ileile aliyokalia Kazungu. Nasikia maji yanavyomwagika nyuma ya ukuta. Nasikia na Mama anacheka, na kwangu bado hajacheka. Kama Bi Zuhura angekuwa anajionyesha, ningepumua, ningepata pa kumchukia. Tatizo ni kwamba hajionyeshi. Ndivyo alivyo, na hilo linaniuma kuliko vigae.

Kesho kabla ya kazi nitapita kwa wakala, nitoe pesa ya simiti na ya vibarua, nimpe Kazungu mkononi. Sitaomba kupunguziwa hata shilingi. Lakini Kazungu yuko jikoni kwa Bi Zuhura, kwa hiyo nitampa mbele ya mwenye jiko, na mwenye jiko ataona. Sijui nitaweka wapi uso wangu.

Mama ananiita kutoka upande wa pili. Amesahau kanga kavu, anataka nimpelekee, na niingie nilione hilo bafu lilivyo zuri.

Nimeitika abee. Kanga ninayo hapa mapajani, na bado nimekaa.